Mwili wa Mtu na Mlima Wake: Desturi za Kale za Wachagga

Katika Maandiko Matakatifu twasoma habari za nabii Ezekieli, jinsi Mungu alivyomwagiza alale kwa ubavu wa kushoto siku 390, kisha kwa ubavu wa kuume siku 40, na mbele yake tofali lililochorwa mji wa Yerusalemu. Nabii Yeremia naye alitembea mbele ya watu na nira shingoni mwake. Watu waliowaona waliuliza maana ya mambo yale, na hapo ndipo neno lilipopata njia ya kuingia. Basi si jambo geni kwetu Wakristo kusikia kwamba mwili wa mtu waweza kunena hata kabla ya ulimi wake.

Katika miji ya Ulaya na Marekani iko sanaa ambayo mwenyewe hachongi sanamu wala hachori picha ukutani, bali hutumia mwili wake mwenyewe mbele ya watu, na mara nyingine huutia pamoja na udongo, maji na miti. Mwanamke mmoja mzaliwa wa Kuba, jina lake Ana Mendieta, tangu mwaka 1973 alikuwa akilala juu ya nchi, au akichimba umbo la mwili wake katika mchanga na matope, kisha akaacha maji na upepo vilifute. Mjerumani mmoja, Joseph Beuys, mwaka 1982 alianza kazi ya kupanda miti 7,000 katika mji wa Kassel, na kando ya kila mti likasimamishwa jiwe. Yeye alikufa mwaka 1986, na mti wa mwisho ukapandwa mwaka 1987. Wataalamu wameandika vitabu vingi juu ya kazi hizi, wakisema kwamba zawafundisha watu wa mijini kukumbuka kuwa mwanadamu na nchi ni kitu kimoja.

Sisi tuliposoma habari hizi tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza. Tulicheka kwa sababu kupanda mti na kusimamisha jiwe kando yake si ajabu kwa mtu wa kihambani. Tulinyamaza kwa sababu tulijiuliza: Je, sisi tuliozaliwa katika miteremko ya Kilimanjaro, twajua bado maana ya matendo ambayo babu zetu waliyafanya kwa miili yao mbele ya mlima, maji na udongo? Tumewasimulia watoto wetu? Au tumeyatupa yote pamoja na mambo ya mizimu, kama mtu atupaye maji ya kuogea pamoja na bakuli?

Nia yetu katika habari hii si kuwarudisha wasomaji katika matambiko. Hayo tumekwisha kuyaacha, nasi hatujuti. Nia yetu ni kueleza jinsi wazee wetu, watu wasiokuwa na vitabu, walivyoufanya mwili kuwa kitabu, na jinsi baadhi ya kurasa za kitabu hicho zilivyopotea, nyingine kwa uzembe wetu, na nyingine kwa kuchukuliwa na wenye nguvu.

Tuanze na mlima wenyewe. Kwa wazee wetu mlima ulikuwa kama mtu. Kila mtoto wa Uchagga amesikia kisa cha Kibo na Mawenzi, jinsi walivyokuwa majirani, na Mawenzi, kwa uvivu, akauacha moto wake uzimike. Akaenda kwa Kibo kuomba kaa la moto, akapewa moto na chakula pia. Alipoona chakula ni kitamu akauzima moto kwa makusudi, akarudi tena, na tena. Mara ya mwisho Kibo akakasirika, akatwaa mchi akampiga nao. Ndiyo sababu hata leo Kibo amekaa uso laini, mwenye kilemba cheupe, mita 5,895 juu ya bahari, na Mawenzi, mwenye mita 5,149, ana uso uliopasukapasuka, naye mara nyingi hujificha katika mawingu kwa aibu. Kisa hiki ni cha kuchekesha watoto, lakini ndani yake mna sheria ya ujirani: moto, maji na chakula haviombwi kwa hila.

Kwa kuwa mlima ulihesabiwa kama mzee mwenye heshima, mwili wa mtu ulifundishwa kukaa vema mbele yake. Upande wa juu, ndio upande wa Kibo, ulikuwa upande wa heshima. Kijana akikutana na mzee njiani alishuka upande wa chini, akamwachia mzee upande wa mlima. Mtu akifa, aliwekwa kaburini uso wake ukielekezwa Kibo. Na alfajiri, jua lilipokuwa likichomoza, baba wa nyumba alitoka nje, akatema mate mara nne kuelekea juu, akamwomba Ruwa awalinde watu wake na mifugo yake. Mgeni aliyeona jambo hili alidhani ni dharau, maana kwao mate ni tusi. Kwetu mate yalikuwa baraka. Ni maji ya mwili wenyewe, kitu ambacho hata maskini asiye na mbuzi wala mbege aweza kukitoa. Mzee alipomtemea mjukuu wake mate kidogo kifuani, alikuwa anampa kitu kitokacho katika uhai wake mwenyewe.

Jina hilo la Ruwa, ambalo ni jina la jua na la Mungu pia, halikutupwa na wamisionari. Walilichukua wakalitumia katika kutafsiri Neno la Mungu kwa Kichagga, na hata leo wazee wetu husali kwa jina hilo. Twalitaja ili msomaji aone kwamba si kila kitu cha kale kilikuwa giza.

Sasa tushuke kihambani. Mzungumzo wetu hauwezi kupita bila kutaja isale. Mmea huu wa majani marefu wajulikana na kila mtu: umepandwa mipakani mwa vihamba, nao haufi upesi, ukikatwa huchipuka. Mtu aliyemkosea mwenziwe, hata kama kosa lilikuwa kubwa, alichuma jani la isale, akalifunga fundo, akalipeleka kwa yule aliyekosewa. Hakuhitaji maneno mengi. Aliyekosewa akiliona jani lile mkononi mwa adui yake, alifungwa na desturi kusikiliza na kusamehe. Na aliyelikataa alionekana mtu wa ajabu, asiyestahili kukaa na watu. Angalieni basi hekima ya jambo hili. Mpaka wa shamba ndio mahali ambapo majirani hugombana zaidi, na mmea ule ule uliopandwa mpakani ndio uliochumwa kutafuta amani. Mkono wa mkosaji ulipaswa kugusa mpaka kabla ya kinywa chake kuomba radhi.

Tulimwuliza mzee mmoja wa kwetu, ambaye alipokea majani kama hayo katika ujana wake, kwa nini neno la kinywa halikutosha. Akatujibu, "Mwalimu, neno halina mguu. Jani la isale limetembea. Mtu amelibeba mchana, watu wamemwona njiani, nao wamejua kwamba amejishusha. Wewe utamkataaje?"

Desturi nyingine ilikuwa ya mama aliyejifungua. Alikaa ndani miezi mitatu, akihudumiwa na kulishwa vizuri, wala hakushika jembe wala mzigo. Miezi hiyo ilipotimia alinyolewa, akavikwa taji la shanga na vazi la ngozi lililopambwa kwa shanga, akapewa fimbo mkononi kama ile ya wazee, akatoka na mtoto wake kwenda sokoni polepole. Njiani na sokoni alipokewa kwa nyimbo zile zile walizoimbiwa askari warudipo vitani na ushindi. Twaomba wasomaji wanaume walifikiri sana jambo hili. Watu ambao twaambiwa kwamba waliwadharau wanawake, walimwimbia mzazi kama shujaa, nao walimpa fimbo ya mzee mbele ya soko zima. Leo mama hurudi shambani juma la pili, na hakuna amwimbiaye.

Tena yako mafundisho ya vijana. Wazee walikuwa na fimbo iliyoitwa mregho, yenye alama nyingi zilizochongwa kwa utaratibu. Mwalimu wa kale aliigusa alama moja moja, akiimba fundisho lake, na vijana wakaitikia. Humo mlikuwamo habari za kukua kwa mwanadamu tumboni, za adabu, za wajibu wa mume na mke na za heshima kwa wazee. Sisi walimu wa shule twajisifu kwa ubao na chaki. Fimbo ile ilikuwa ubao pia, nayo haikufutika.

Lakini kazi iliyoufunga mwili wa Mchagga na nchi yake kuliko zote ilikuwa mfongo. Wasomaji wa mbali wajue kwamba mfongo ni mfereji uliochimbwa kutoka mtoni, juu karibu na msitu, ukapitishwa kwenye ubavu wa mlima, ukavuka mabonde na kuzunguka miamba, hata kufika vihambani mahali ambapo mto hauwezi kufika. Babu zetu waliichimba mifongo hii kwa vijiti vya kuchimbia na majembe, bila vyombo vya kupimia. Maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa kipimo: wakichimba hatua chache waliyaachia maji, wakayatazama yanaelekea wapi. Wazungu wa kwanza waliofika Uchagga katika karne ya 19 waliistaajabia kazi hii na kuiandika katika vitabu vyao. Usiku maji yalikusanywa katika bwawa dogo liitwalo nduwa, na asubuhi yakafunguliwa kwa zamu, kila mtu kwa saa yake.

Mfongo ulikuwa na mzee wake, mtu wa ukoo wa yule aliyeuchimba kwanza. Ukivunjika au ukijaa matope, pembe ililia alfajiri, na kila mwenye kutumia maji alitoka na jembe lake. Walisimama mstari mmoja kandokando ya mfereji, wakachimba pamoja kwa wimbo, mmoja akianza na wote wakiitikia, migongo ikiinama na kuinuka pamoja. Asiyetoka alitozwa faini au alinyimwa maji. Mtu aliyetazama kutoka ng'ambo ya bonde angaliona kama mchezo wa ngoma, lakini ngoma ile iliacha maji yakipita. Ndiyo tofauti kubwa kati ya matendo ya wazee wetu na sanaa ile ya Ulaya tuliyoitaja mwanzo. Kule msanii husimama peke yake, na wengine hutazama. Kwetu hapakuwa na mtazamaji, maana mtazamaji asingepata maji.

Basi mambo haya yaligeukaje? Mwaka 1848, tarehe 11 Mei, mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima huu na kilemba chake cheupe, na wataalamu wa Ulaya walimbishia miaka mingi, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1885 wamisionari Waingereza walikaribishwa Moshi na Mangi Rindi. Wakatoliki walifika Kilema mwaka 1891, na Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893. Walituletea Injili, nasi twamshukuru Mungu kwa hiyo, pamoja na shule, hospitali na kahawa. Lakini Mkristo wa kwanza alipobatizwa aliambiwa aache matambiko, na wengi, kwa bidii ya upendo wao wa kwanza, waliacha pamoja nayo nyimbo, mregho, na hata isale. Mwalimu wa dini aliyeonekana na jani la isale mkononi aliogopa kuitwa mpagani.

Alikuwako mmisionari mmoja aliyeona hatari hii. Bruno Gutmann alikaa Old Moshi miaka mingi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, mpaka mwaka 1938. Aliwasikiliza wazee, akaandika maneno yao kwa uvumilivu mwingi. Mwaka 1926 alitoa kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga, na kati ya mwaka 1932 na 1938 alitoa vitabu vitatu vya mafundisho ya vijana, pamoja na yale ya mregho. Alifundisha kwamba Kanisa lisijengwe juu ya magofu ya ukoo, ujirani na rika, bali ndani yake. Na vijana wa kipaimara aliwaweka katika vikundi vidogo vya kusaidiana, mfano wa rika za kale. Wengine walimlaumu kwamba alipenda mno mambo ya zamani, na lawama hiyo si bure kabisa, maana mtu aweza kuyapenda ya zamani mpaka akamnyima kijana njia yake. Walakini twamshukuru. Jambo la kusikitisha ni kwamba vitabu vile ni vya Kijerumani, na wajukuu wa wazee wale waliosema maneno hayo hawawezi kuyasoma.

Hayo tuliyoyaacha ni yetu kujilaumu. Lakini yako yaliyochukuliwa. Tarehe 6 Oktoba 1889, Mjerumani Hans Meyer pamoja na mwenziwe Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo. Meyer alikiita kilele kwa jina la mfalme wake, kisha akachukua jiwe kutoka pale juu. Jiwe hilo akampelekea mfalme, nalo likawekwa katika ukuta wa jumba lake huko Potsdam. Huenda Meyer aliona ni ukumbusho tu. Lakini kwa watu waliouhesabu mlima kuwa ni mzee, lilikuwa tendo zito: amekatiwa kipande cha kichwa chake, na kipande kikapelekwa kwa mtawala wa mbali kuwa ishara kwamba mlima ni mali yake.

Kisha ikaja zamu ya kichwa cha mtu. Mangi Meli, mwana wa Rindi, aliwashinda Wajerumani mwaka 1892, na mwaka 1893 wakarudi na nguvu nyingi wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga Old Moshi, yeye pamoja na wakuu na wazee wengine wa mlima huu, jumla yao watu 19. Mti ambao wenyeji huonyesha kuwa ndio ule ungali umesimama. Na habari iliyosimuliwa tangu siku zile ni kwamba kichwa cha Meli kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Ili msomaji aelewe uchungu wa jambo hili, yampasa kujua desturi ya mazishi ya kale. Mtu mwenye watoto alizikwa nyumbani mwake. Baada ya mwaka au zaidi mifupa yake ilifukuliwa kwa heshima, na fuvu likawekwa kihambani, katikati ya migomba, chini ya masale. Hapo ndipo alipokaa pamoja na watoto wake, karibu na maji ya mfongo aliouchimba. Kihamba kilikuwa cha ukoo kwa sababu vichwa vya wazee vilikuwa ndani yake. Basi kumchukua mtu kichwa hakukuwa kumwadhibu yeye peke yake. Kulikuwa kuuvunja mwisho wa safari ya mwili wake, asiweze kurudi katika udongo wa kwao, na watoto wake wasijue mahali pa kusimama.

Tusiseme kwamba hofu hiyo ni ya kipagani tu. Wana wa Israeli walipotoka Misri, Musa aliichukua mifupa ya Yusufu, kwa sababu Yusufu aliwaapisha ndugu zake. Na Sauli alipouawa, Wafilisti walimkata kichwa, wakautundika mwili wake ukutani. Nao mashujaa wa Yabeshi-Gileadi walikwenda usiku kucha wakautwaa, wakaizika mifupa yake chini ya mti wa kwao. Biblia yawasifu watu hao. Kama ilikuwa haki kwa watu wa Yabeshi, kwa nini isiwe haki kwa watu wa Moshi?

Siku moja tuliwapeleka wanafunzi wetu kuuona mti ule. Tuliwaeleza tarehe na majina, kama ilivyo desturi ya walimu. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa kichwa chake kinaelekea wapi?" Hatukuelewa mara moja. Kisha tukakumbuka kwamba bibi yake amemfundisha kuwa wafu huelekezwa Kibo. Tulikosa jibu, nasi twakiri kwamba tulirudi shuleni kimya.

Mjukuu wa Mangi Meli amekitafuta kichwa cha babu yake kwa miaka mingi, akiandika barua na kuuliza. Mwaka 2018 Konradin Kunze na Sarita Mamseri walitengeneza onyesho la picha na masimulizi ya habari hii huko Berlin, na mwaka 2019 likafunguliwa Old Moshi kwenyewe, ili watu wa pande zote mbili wasikie kisa kimoja. Katika Berlin yalikuwako mafuvu zaidi ya 1,000 yaliyochukuliwa katika nchi za Afrika Mashariki. Mwaka 2023 wenye makumbusho walitangaza kwamba, kwa kupima miili ya ndugu walio hai na kuilinganisha na mafuvu, wamewatambua jamaa za mafuvu 3 ya watu wa Kilimanjaro, na mmoja wa wenye mafuvu hayo alikuwa mshauri wa Mangi Meli. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikuwamo katika tangazo hilo. Mwezi Novemba mwaka huo huo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaomba radhi kwa mambo yaliyotendwa na Wajerumani katika vita vya Maji Maji. Twampa heshima kwa neno lake. Lakini tukikumbuka maneno ya yule mzee, twasema neno lapaswa kupewa miguu. Jani la isale katika jambo hili ni mafuvu yenyewe kurudi nyumbani.

Tusisahau kwamba liko tendo moja lililojibu lile la mwaka 1889. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata Uhuru, Luteni Alexander Nyirenda alisimama juu ya Kibo akaweka bendera na mwenge. Kilele kile kikaacha jina la mfalme wa kigeni, kikaitwa Uhuru. Meyer alipanda akashuka na jiwe. Nyirenda alipanda akaacha moto. Ni mwili mmoja wa mtu, juu ya mlima mmoja, lakini mmoja alikwenda kutwaa na mwingine alikwenda kutoa. Mchagga wa kale angaliielewa tofauti hiyo bila kuelezwa, maana kisa cha Kibo na Mawenzi ni kisa cha moto wa kupewa.

Sasa twarudi kwetu, maana ni rahisi kuwalaumu walio mbali. Kilemba cha Kibo chapungua. Wataalamu waliopima wamesema kwamba katika barafu iliyokuwako mwaka 1912, sehemu 85 kwa 100 zilikuwa zimekwisha kutoweka kufika mwaka 2007. Wengi wetu hudhani kwamba maji yetu yatoka katika barafu hiyo. Sivyo, sehemu kubwa ya maji ya mito yetu yatoka katika msitu, ambao hunasa mvua na ukungu na kuuhifadhi udongoni. Kwa hiyo hatuwezi kukunja mikono tukisema kwamba mambo ya barafu ni ya wenye viwanda vya mbali. Msitu uko juu ya vihamba vyetu. Ni kweli mlima umewekwa kuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1973, na mwaka 1987 ukahesabiwa katika urithi wa dunia. Lakini askari wa hifadhi hawezi kusimama chini ya kila mti. Na mifongo mingi imekauka au imeachwa. Mabomba yalipokuja, pembe ilinyamaza. Bomba likipasuka sisi hukaa tukingoja fundi kutoka mjini, tukinung'unika, hali babu zetu wangalikuwa wamekwisha kutoka na majembe kabla ya umande kukauka.

Basi, ndugu wasomaji, twaomba mambo matatu. La kwanza, wenye wazee majumbani waandike maneno yao katika daftari, kwa Kichagga na kwa Kiswahili: majina ya mifongo, nani aliichimba, na nyimbo zake. La pili, wazee wa Kanisa wasiogope isale. Jani halina dhambi, na mtu achukuaye jani kwenda kwa ndugu yake aliyemkosea kabla ya kuikaribia meza ya Bwana, afanya kama Bwana wetu alivyoagiza. La tatu, kila kijiji kichague siku moja kabla ya mvua za masika, watu watoke pamoja wakasafishe mfongo wao, mchungaji na padre wakiwa na majembe mbele, wala si kwa kutazama.

Sisi na wanafunzi wetu tumeanza kidogo. Uko mfongo uliopita nyuma ya shule, uliojaa takataka miaka mingi. Tuliuchimba siku mbili, watoto wakiimba wimbo waliofundishwa na mzee wa mfongo ule, ambaye alikaa juu ya jiwe akiwasahihisha sauti. Siku ya tatu maji yalifika, machafu kwanza, kisha meupe. Kandokando tumepanda masale. Yule msichana aliyetuuliza habari za kichwa cha Mangi alipanda la kwake, akalitazama, akalizungusha kidogo udongoni, kisha akainua macho kuelekea Kibo kuhakikisha kwamba limekaa sawa.